Majina Kwenye Kaunta Buku ya Katekista

Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama wanaume watatu wa shaba. Wako pale tangu miaka ya 1920, na siku hizi wapita njia wengi hawawatazami tena. Mmoja wao ni mchukuzi: kazi yake vitani ilikuwa kubeba mzigo. Maandishi ya kwenye jiwe, Kiswahili kikiwemo, yanawataja askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa. Kisha inakuja ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nimelizunguka jiwe lile nikitafuta jina la mtu. Hakuna hata moja.

Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, na hapo ndipo habari inaponikaa kooni. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Baba alimtafuta miaka mingi akafa bila kuonyeshwa kaburi. Alijiunga na tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na akatunga maneno mengi yaliyochongwa kwenye mawe yao. Yaani alijua fika mzazi anataka nini. Anataka jina la mwanawe liandikwe mahali. John Kipling ameandikwa. Mchukuzi wa shaba pale Nairobi ana sura, ana misuli, ila huwezi kumwita.

Sisemi sanamu ni mbaya. Ila nimekuja kuona kwamba huku kwetu kumbukumbu ya waliokwenda vitani imeshikwa na watu wasio na shaba wala bajeti: makatekista, walimu wakuu, maimamu wa vijijini. Sababu yake haina ushairi wowote. Kanisa na shule ndizo zilizozoea kuandika majina ya watu wadogo. Kuna rejista ya ubatizo, daftari la ndoa, rejista ya uandikishaji wa darasa la kwanza. Serikali ilimhesabu babu yako kama kichwa cha kodi, parokia ikaandika jina lake, la baba yake, la mama yake na la msimamizi wake wa ubatizo.

Mimi ni mtu wa Muleba, mkoani Kagera. Hata jina la mkoa ni kumbukumbu ya vita: mpaka 1979 tulikuwa Ziwa Magharibi. Katekista wa kigango chetu amestaafu, lakini hajapatikana wa kumwambia hivyo. Tunamwita Mwalimu, na kwa kuwa nchi hii ilikuwa na Mwalimu mwingine, wageni huchanganyikiwa kidogo. Huyu wetu ana kaunta buku yenye jalada gumu, kona zimeshaliwa na mende, na ndani yake ameandika watu wa kigango na vitongoji vya jirani walioondoka kwenda vita vya Idi Amin.

Wakatoliki wanaujua mwezi wa Novemba ulivyo. Kila familia inaleta bahasha yenye majina ya marehemu wake na sadaka kidogo, na tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote, majina yanasomwa. Yanasomwa kweli, si kutajwa kwa jumla. Watoto wanasinzia, akina mama wanasubiri wafike kwa wao, na msomaji akikosea jina la ukoo utasikia mguno kutoka benchi la nyuma. Bahasha zikiisha, Mwalimu anasimama na kaunta buku. Anaanza na askari wa jeshi, wanafuata mgambo, na baada ya kila kundi tunaitikia: raha ya milele uwape, ee Bwana.

Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Katikati ya siku hizo, tarehe 2 Novemba, Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam, na nchi nzima ikamsikia redioni, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Kila anayezungumzia vita hivi anayanukuu maneno hayo. Ila sijamsikia mtu akisema kwamba siku ile ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa za asubuhi, bila shaka alijua. Wasikilizaji wake wa upande wetu wa ziwa walikuwa wametoka kuwaombea wafu, na jioni wakaambiwa wajiandae kwa wengine.

Orodha ya Mwalimu haikushuka kutoka mbinguni. Ameijenga kwa miaka, nyumba kwa nyumba, na kila jina lina ugomvi wake. Kuna mgambo aliyeugua malaria kambini kabla hajafika mpakani akafa hospitalini. Wapo waliosema huyo si wa vita, ni wa homa. Mwalimu akawajibu kwamba alitoka nyumbani akiwa mzima kwa sababu ya vita, basi. Kuna mama mmoja, sasa mkongwe kabisa, aliyekataa katakata mwanawe asisomwe na marehemu. Hakuletewa mwili wala kuonyeshwa kaburi. Kwake kijana yule hajafa, hajarudi tu, na ukimsoma Novemba umemuua wewe. Jina lake limo kwenye kaunta buku, limeandikwa kwa penseli, na halisomwi.

Wamo Waislamu pia. Kwa mmoja, Mwalimu alipokwenda kuomba ruhusa kwa wazee wa familia, alijibiwa asome tu, kutaja jina la mtu hakujamdhuru mtu. Familia nyingine ilisema kwa upole kwamba wao humsomea hitima kila mwaka na inatosha. Akashukuru, akanywa chai, akaondoka. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uungwana kuliko hotuba nyingi za umoja wa dini nilizowahi kusikiliza.

Serikali nayo ina yake. Pale Kaboya, humo humo Muleba, yapo makaburi ya kijeshi ya vita vya Kagera, na mnara mweupe wenye majina ya waliokufa. Nauheshimu mnara ule kwa kuwa unasomeka. Na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, popote sherehe ya kitaifa inapofanyika, utaratibu ni ule ule: kiongozi anaweka mkuki na ngao, mwingine shada la maua, mwingine sime, upinde na mishale, shoka, tarumbeta inapigwa, watu wanasimama kimya, halafu viongozi wa dini mbalimbali wanaomba kwa zamu. Inapendeza. Lakini waulize wanafunzi waliopangwa juani tangu asubuhi na sare zao za skauti. Watakueleza nani aliweka ngao na nani aliweka shoka. Mtu wa kijijini kwao aliyelala pale hawamjui.

Turudi kwenye Vita Kuu, maana ndiko deni kubwa liliko.

Uingereza wanakumbuka tarehe 11 Novemba, saa 5 asubuhi, saa ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya mwaka 1918. Karibu kila kijiji kina msalaba wa jiwe au bamba la shaba kanisani lenye majina ya vijana wa pale pale, na shule kongwe zina ubao wa wanafunzi wao. Makanisa waliyoyajenga kwenye makoloni yakaiga. Lakini tarehe hiyo, kwa huku kwetu, haikuwa kweli. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipata habari tarehe 13 akiwa kaskazini mwa Zambia ya leo, na akasalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Wazungu walipokuwa wakipiga kengele London, wachukuzi wa pande zote mbili walikuwa bado na mizigo vichwani.

Na walikuwa wengi kupita kiasi. Upande wa Waingereza peke yake unakadiriwa kuchukua watu wapatao milioni moja kwa miaka ile, kutoka Kenya, Uganda, Malawi, Zambia, Tanganyika yenyewe na kwingineko. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Risasi iliua wachache. Ukitumia kanuni ya wale waliombishia Mwalimu, kwamba mtu wa homa si mtu wa vita, umewafuta karibu wote.

Kanisa lilikuwemo ndani ya jambo hili, na si kwa sala tu. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, aliunda kikosi cha wachukuzi kutoka kisiwani, akapewa cheo cha meja, akavuka nao bara akitembea kwa miguu. Watu wake walimwamini kwa kuwa alilala walikolala. Huko bara, walimu Waafrika wa misheni hiyo hiyo walikuwa wamekamatwa na Wajerumani na kupelekwa Tabora kwa tuhuma za kuwapendelea Waingereza. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, chuo cha misheni hiyo Zanzibar, alikuwa mmoja wa waliofungwa. Kwa hiyo orodha ya waliotumika na kuteseka ilikuwapo vichwani mwa mapadre na kwenye madaftari ya misheni. Ukiingia Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, leo utaona mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa wakikumbukwa pale. Wanastahili. Mimi huwaza tu jinsi wachukuzi wa Weston wangeonekana ukutani, majina ya Kiunguja, ya Kiyao na ya Kinyamwezi, mstari baada ya mstari. Weston mwenyewe alifariki Hegongo mwaka 1924. Tarehe? 2 Novemba. Siku hiyo ina mambo yake.

Kwa nini hawakuandikwa? Kwa muda mrefu nilidhani ni uzembe, vita ilikuwa kubwa, karatasi zikapotea. Sivyo. Mwaka 2021 tume ile ile ya makaburi, ambayo sasa inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya uchunguzi juu yake yenyewe na kuomba radhi. Ripoti inasema watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Ulikuwa uamuzi. Maofisa walikaa wakakubaliana kwamba Waafrika hawajafikia hatua ya kuthamini kaburi lenye jina, na sanamu moja itawatosha. Huku Tanganyika msimamo wa gavana ulikuwa kwamba makaburi makubwa ya wachukuzi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo.

Hawajafikia hatua ya kuthamini jina! Huku kwetu mtoto anapewa jina la marehemu ili marehemu asikatike. Hakuna haja ya kuendelea.

Songea wamefanya tofauti, na ni mahali ambapo kanisa lilikuwa na sababu zote za kunyamaza. Katika vita vya Majimaji wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, Agosti 1905, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga makumi ya wapiganaji wa Kingoni kwa siku moja na kuwazika katika kaburi moja. Kabla ya hapo, padre wa Wabenediktini hao hao aliingia gerezani, na baadhi ya waliohukumiwa wakakubali ubatizo. Unaweza kuliangalia tukio hilo kwa hasira. Wapo wanaosema ni kumvizia mtu akiwa na kamba shingoni. Mimi nasita. Naona tu kwamba padre alipobatiza aliuliza jina, kama kila padre anavyouliza. Leo pale kwenye kaburi na Makumbusho ya Majimaji waliouawa wanajulikana kwa majina na vyeo vyao, na kila mwezi wa pili wanafunzi, machifu, wachezaji wa ngoma za ligihu na lizombe na watu wa dini wanafika. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama pale akaomba msamaha. Alikuwa na watu wa kuwaomba radhi, si umati. Alitaja jina la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, mbele ya watu wa ukoo wake.

Ndipo nikaanza kujiuliza kuhusu shule yetu.

Shule za Tanzania zinapenda mashujaa. Mabweni yanaitwa Mkwawa, Mirambo, Kinjekitile. Shule kadhaa zenyewe zinaitwa Mashujaa. Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na ni vizuri. Lakini shujaa wa shule siku zote ni mtu wa mbali, mwenye picha kitabuni. Mwanafunzi anaweza kumaliza darasa la saba akiwa ameandika insha juu ya vita vya Kagera, na asijue kwamba aliyeotesha ile miembe ya mbele ya ofisi alikuwa mwalimu aliyeitwa mgambo katikati ya muhula.

Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, na ana subira na watu wa aina yangu. Alinifungulia kabati. Tulikaa na rejista za uandikishaji za zamani na kitabu cha matukio ya shule, vumbi likitupaliza. Rejista ile ina safu ya sababu ya kuacha shule, na wino wake unasimulia kijiji kizima: amehama, utoro, ameolewa, amefariki. Kaunta buku ya Mwalimu tuliiweka pembeni, tukawa tunatafuta. Wengi walioondoka 1978 walikuwa wamesoma pale enzi shule ikiwa ya misheni. Walikuwemo, kila mmoja na namba yake, jina la baba na kijiji. Kwa mwalimu aliyepanda miembe tulikuta mstari mmoja tu kwenye kitabu cha matukio: ameitwa, darasa lake limeunganishwa na la jirani. Hakuna mstari mwingine kumhusu baada ya hapo.

Tukakubaliana kuwe na ubao ukutani, nje ya ofisi, majina kwa rangi nyeupe kwenye mbao nyeusi. Fundi ametaja bei inayovumilika. Kamati ya shule ikaitishwa, na nilidhani kikao kitachukua muda wa soda moja.

Soda ziliisha, tukaagiza chai. Swali la kwanza lilikuwa waliorudi. Je, ubao ni wa waliokufa tu? Mzee mmoja aliyerudi na risasi pajani alisema yeye hataki kuandikwa, ataonekana marehemu, na watu wakacheka mpaka akakasirika. Ikaamuliwa waandikwe wote walioondoka, wenye msalaba mdogo wakiwa ni waliokufa. Mjumbe Mwislamu akauliza msalaba wa nini kwa Athumani. Nyota, basi. Nyota ikapita. Yule mwenye jina la penseli tukaona aandikwe bila nyota, na mama yake aelezwe hivyo kabla rangi haijafunguliwa. Alielezwa. Akauliza kama herufi zitakuwa kubwa, maana mwanawe akirudi atakuwa mzee na macho ya wazee ni shida.

Kilichotukwamisha ni utingo. Mwaka ule serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi kupeleka askari, risasi na chakula mbele, na magari yaliondoka na madereva na matingo wao. Kijana mmoja wa hapa, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliondoka na lori la tajiri wa Bukoba kubeba unga. Lori lilirudi limetobolewa, yeye hakurudi. Mwenyekiti anasema huyo hakula kiapo, hakuvaa sare, hakushika bunduki, na tukianza na matingo tutaishia kuandika waliopika. Nikamwambia waandikwe na waliopika. Akaniuliza mbao zitatosha? Nikaanza kumweleza habari za wachukuzi na jiwe la Nairobi, akanikatiza kwa adabu kwamba hii ni shule ya msingi, si makumbusho.

Kikao kimeahirishwa, fundi anasubiri. Nilipopita kwa Mwalimu kumpa habari aliitikia kwa kichwa, akavuta kaunta buku na kunionyesha. Utingo yumo tangu zamani, chini ya mgambo, na pembeni ameandikwa kazi yake: unga. Mwalimu anasema kamati ichukue muda wake, yeye anaendelea kumsoma.